Kumlea aliyeokoka juzi: mwongozo wa wiki 12 za kwanza

Sala ya toba huchukua dakika mbili. Kazi inaanzia hapo, na hapo ndipo Nairobi tunapowapoteza watu: kati ya Jumapili mtu alipoinua mkono na Jumapili inayofuata. Namba yake iliandikwa kwenye kadi, kadi ikaingia droo ya ofisi, yeye akarudi kwake mtaani, Pipeline au Kayole, akaamka saa kumi na moja kwenda kibarua, na hakuna aliyempigia. Mwezi ukiisha, mhubiri mwingine anamkuta stejini na anainua mkono tena. Wapo watu mjini hapa waliookoka mara tano na hawajawahi kukaa na mtu wakasoma hata sura moja ya Injili.

Mwongozo huu ni wa Mkristo wa kawaida: fundi, mwalimu, mama wa kibanda, mlinzi. Si lazima uwe mchungaji. Sharti ni moja, na tunaliweka mbele kwa sababu likikosekana mengine yote ni maneno: kabla hujamwongoza mtu sala, ujue ni nani atakayekaa naye dakika 45 kila wiki kwa wiki 12. Kama si wewe, awe mtu unayemjua kwa jina na ambaye amekubali.

Kabla hujaanza

Hesabu nafasi yako. Mwenye kazi na familia hulea watu 2 vizuri. Wa 3 ni kujikaza. Wa 4 ataambulia meseji za "ubarikiwe" tu. Mwanamume amlee mwanamume, mwanamke amlee mwanamke. Nyumba nyingi za mjini ni chumba kimoja, na mlango ukifungwa ploti nzima inahesabu dakika. Hata kama hakuna baya lolote, atakayesemwa zaidi ni yule mgeni katika imani.

Kisha jua saa zake. Mama mboga aliyekwenda soko la Gikomba au Muthurwa alfajiri hupata nafasi kati ya saa nane na saa kumi mchana, kabla wateja wa jioni hawajashuka kwenye matatu. Mtu wa bodaboda hupumua kuanzia saa nne hadi saa sita, watu wakishaingia kazini. Soja wa zamu ya usiku anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwache alale, mpate saa tisa. Dada wa kazi za nyumbani mara nyingi ana Jumapili peke yake, na hiyo Jumapili ndiyo siku yake ya kusuka nywele na kutuma pesa kwao, kwa hiyo usiimeze yote. Kikao kikipangwa kwa saa inayokufaa wewe, kitafanyika mara mbili kisha kife.

Jambo la tatu ni ushuhuda wako. Uandike: nusu ukurasa wa daftari, usomeke kwa dakika 3. Una sehemu tatu, yaani maisha yalivyokuwa, ulivyokutana na Kristo, na kinachoendelea sasa. Ya tatu ndiyo wengi huiruka. Makanisani kwetu bado tunatumia mtindo tuliorithi kwa uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930: unasimama, unataja jina, unasema umeokoka na unampenda Bwana, unaketi. Ni salamu nzuri kwa ndugu. Kwa jirani yako wa mlango wa pili haisemi kitu. Soma ulichoandika, ukate kila neno ambalo kondakta wa matatu angeuliza maana yake: upako, ngome, madhabahu za ukoo, kuoshwa. Usizipambe dhambi za zamani zikaonekana tamu kuliko wokovu. Na usiseme shida ziliisha kama hazijaisha. Anakaa ploti moja nawe. Alikuona mwezi jana ukimbembeleza keyateka kuhusu kodi.

Kuanza mazungumzo

"Umeokoka?" ni swali lililochakaa. Katika sensa ya 2019, zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walijiandikisha kuwa Wakristo. Karibu kila unayekutana naye ana ubatizo wa utotoni, au shule ya Jumapili, au nyanya aliyemwombea, au kanisa alilokosana nalo. Ukimuuliza hivyo atajibu "ndiyo" ili umwache, au atajibu "bado" na kukunja mikono ahubiriwe.

Jaribu maswali matatu kwa mpangilio huu. Ulilelewa kanisa gani? Ilikuwaje ukaacha kwenda, au ni kitu gani kinakufanya uendelee? Na Yesu mwenyewe, wewe unamwona ni nani? Swali la pili ndilo linalotoa yaliyo moyoni, na ndilo linalowashinda wahubiri wengi, kwa sababu jibu likiwa "mchungaji alimkopa mama pesa hakurudisha" mtu hukimbilia kutetea kanisa. Usitetee. Sema pole, kisha nyamaza. Swali la tatu laweza kungoja siku nyingine.

Ukiona njia imefunguka, omba ruhusa: "Naweza kukueleza kwa dakika tatu kilichonibadilisha?" Akisema hapana, ongeeni kuhusu mvua. Angalia pia kama anaweza kuondoka. Mfanyakazi aliye chini yako hawezi kuondoka, mgonjwa kitandani hawezi, abiria aliyelipa nauli hawezi, wala aliyeshika sahani ya chakula ulichomgawia hivi punde. Watu hao watakubali lolote ili yaishe, nawe utaandika jina la mtu aliyekuwa anajiokoa kutoka kwako. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake. Kwa aliye chini ya miaka 18, ongea na mzazi kwanza.

Ukiwa Eastleigh, au Kibera katikati ya Wanubi, huenda anayekuuliza maswali ni Mwislamu. Mjibu alichouliza, usiidharau Kurani wala Mtume, na usimpe Biblia ya bure mbele ya ndugu zake. Akifikia kuamini, uamuzi wa kuwaambia wa kwao lini na vipi ni wake. Picha yake isipandishwe mtandaoni na mtu yeyote, hata kanisa lifurahi namna gani.

Kueleza Injili bila kuijaza maji

Wengi tulifundishwa mlolongo wa Warumi: 3:23, 6:23, 5:8, 10:9. Si mbaya, na ukiukariri hautakutupa. Tatizo ni kwamba msikilizaji anapewa mistari minne iliyokatwa mahali anapopaona kwa mara ya kwanza, na kesho yake hawezi kuisimulia. Sisi tunapendelea hadithi moja nzima, Luka 15:11–32, isomwe yote pamoja na yule kaka mkubwa aliyebaki nje. Mtu wa Nairobi anaielewa kabla hujaeleza: kijana aliyedai shamba lake mapema, akaja mjini, pesa zikaisha, marafiki wakaisha. Baada ya hapo mpeleke 1 Wakorintho 15:3–4, aone kwamba mlango wa kurudi nyumbani ulifunguliwa kwa kifo na ufufuo wa Kristo, kwa sababu mfano wa Luka peke yake hautaji msalaba.

Vitu vinne visikosekane, kwa maneno yoyote utakayotumia: Mungu ni nani, dhambi ni nini (pamoja na ile ya watu wema), Kristo alifanya nini, na toba pamoja na imani ni kufanya nini. Kinachoachwa mara nyingi ni ufufuo na toba. Kinachoongezwa mara nyingi ni kazi, viza, mume na mtoto. Ukimwahidi kazi, umempa siku ya kuondoka: ni ile siku ataona tarehe 5 imefika, kodi hana, na Mungu uliyemwelezea hajatokea.

Akitaka kuomba, mwombe aombe mwenyewe. Usimkaririshe neno kwa neno kama kiapo. Mwambie amwambie Mungu anachojutia, anachoamini na anachoomba, kwa lugha yoyote. Aliyekua akiongea Kikamba au Dholuo nyumbani mara nyingi machozi na ukweli viko kwenye lugha hiyo, hata kama wewe hutaelewa neno. Wewe malizia kwa sentensi mbili na amina.

Saa 48 za kwanza

Msiachane kabla ya kupanga siku, saa na mahali pa kukutana tena, na iwe ndani ya siku 7. Chukua namba yake, ipigie hapo hapo ilie mkononi mwake. Namba nyingi za kwenye kadi haziingii kwa sababu ziliandikwa kwa haraka na mtu wa tatu, tarakimu moja ikapotea. Kama mnakusanya kadi kwa niaba ya kanisa, muulizeni mtu kama anakubali kupigiwa, na apigiwe na nani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu pia, na orodha ya walioinua mkono si ya kutumia kuwachangisha watu.

Mpigie kesho yake. Dakika nne zinatosha: umelalaje, umemwambia nani, tutakutana Alhamisi. Siku ya pili tuma meseji fupi yenye mstari mmoja wa kusoma. Usimwingize kwenye grupu ya WhatsApp ya kanisa. Hiyo tunaisema kwa ukali kidogo kwa sababu tumeona inavyofanya kazi: watu 200 na zaidi, saa kumi usiku sauti za maombi, asubuhi mchango wa mazishi, mchana namba ya kutuma pesa za mfuko wa ujenzi. Mgeni anaizima siku ya tatu, kisha anaona aibu kukutana nawe.

Kuhusu Biblia, usinunue kubwa yenye zipu. Agano Jipya dogo, au programu ya Biblia kwenye simu, itamfaa kuanzia. Ila angalia tafsiri. Biblia ya Muungano, iliyotoka 1952, ndiyo inayosomwa kwenye madhabahu nyingi na ina uzuri wake, lakini Kiswahili chake cha pwani kinampiga chenga kijana wa Dandora. Katika Matendo 8, Mkushi aliyeketi garini anasoma "chuo cha nabii Isaya". Chuo hapo ni kitabu. Kijana anasikia bwana mmoja aliyekuwa anasomea chuo kikuu fulani kinachoitwa Isaya, na unaweza kuendelea dakika kumi kabla hajakuuliza. Habari Njema inasema kitabu, na yote yanakwisha. Anza na hiyo, ya Muungano atakutana nayo kanisani.

Kikao cha kwanza, kwa karibu

Mahali pawe wazi na pa bei nafuu: kibandani kwake, benchi la bustani ya Jeevanjee, kibaraza cha kanisa, chai ya hoteli ya mtaa. Kama ni nyumbani kwake, mlango ubaki wazi na usishangae televisheni ya jirani.

Somo ni Marko 2:1–12, yule aliyepooza aliyeshushwa kupitia darini. Ni mistari 12 tu, ina tukio, na ina swali kubwa ndani yake. Someni kwa sauti mara mbili, kwa kupokezana. Akisema amesahau miwani, soma wewe mara zote mbili wala usirudi kwenye suala hilo. Huenda hajui kusoma, na atakuambia akikuzoea. Biblia ya kusikiliza ipo bure kwenye simu, nayo inamtosha kwa wiki zote 12.

Baada ya kusoma, funga Biblia umwombe asimulie. Chukulia unakaa na mama wa kibanda, Mama Brian, anakatakata sukuma wiki huku mnaongea.

"Mama Brian, hebu nisimulie bila kuangalia."

"Kulikuwa na huyu mgonjwa, watu wanne wakambeba. Wakafika, kumejaa. Wakapanda juu wakang'oa mabati."

Mwache na mabati yake. Palestina ya wakati ule paa lilikuwa la miti na udongo, lakini hilo halimsaidii leo. Yeye ameiona ile nyumba, na ndilo ulilotaka. Muulize la pili: Yesu ameonekana mtu wa namna gani hapa? Halafu nyamaza. Hesabu moyoni hadi 10. Walezi wengi hushindwa hapa: kimya kikifika 3 wanaanza kujibu wenyewe, na kikao kinageuka mahubiri ya mtu mmoja kwa mtu mmoja.

"Ameanza na dhambi," atasema labda. "Na wao wameleta miguu."

Ni hapo hapo. Watu wengi huja kwa Kristo na miguu yao: ugonjwa, deni, ndoa. Muulize kwa nini Yesu alianza na lile ambalo hakuna aliyeliomba, na umwache afikirie hata kama atajibu wiki ijayo. Usijibu wewe. Kisha muulize maswali mawili ya mwisho: kuna jambo moja hapa la kufanya kabla hatujaonana? Na utamsimulia nani hadithi hii? Aandike majibu hayo kwenye daftari la kurasa 48, tarehe juu. Wiki ijayo mnaanza kwa kuuliza hayo mawili, bila hasira kama hakufanya.

Ombeni dakika tatu, yeye kwanza. Ondoka dakika ya 45 ikifika, hata kama mambo yamenoga. Ukikaa saa mbili leo, wiki ijayo ataogopa kukukaribisha.

Wiki zinazofuata

Nyumbani asome Marko, sura 3 kwa wiki. Ina sura 16, kwa hiyo anaimaliza wiki ya sita. Vikaoni msirudie zote; chukueni tukio moja. Wiki ya pili dhoruba ya Marko 4:35–41, inayogusa woga. Ya tatu ni 5:1–20, na msisitizo uwe mstari wa 19, ambapo aliyeponywa anatumwa nyumbani kwa watu wake badala ya kufuatana na Yesu mashuani. Wengi wanadhani kuokoka ni kuhama. Ya nne 7:14–23, kinachomtia mtu unajisi. Ya tano 14:66–72, Petro akimkana Bwana mbele ya msichana wa kazi. Ya sita, msalaba na kaburi tupu.

Ya tano tumeiweka hapo makusudi. Kufikia mwezi wa pili mshahara umeingia mara moja, marafiki wa zamani wamepiga simu mara kadhaa, na kuna uwezekano mkubwa ameanguka: chupa, mwanamke wa zamani, kamari ya simu. Akianguka hatakuambia. Ataacha kupokea simu, na ukikutana naye njiani atasema kazi zimekuwa nyingi. Nenda kwake na somo la Petro, usianze na swali la alikuwa wapi. Wiki ya saba someni 1 Yohana 1:5–10, polepole, na umwonyeshe kwamba mstari wa 9, ule wa kuungama dhambi na kusamehewa, uliandikiwa waumini. Wanaojua mstari huo mapema hurudi haraka. Wasioujua hungoja mkutano mwingine wa injili waokoke upya.

Ya nane ni maombi, Mathayo 6:5–15. Mwonyeshe kwamba kupaza sauti hakuongezi kitu, na kwamba baba wa watoto watatu anayeingia zamu saa kumi na mbili asubuhi hana deni la kukesha kila Ijumaa. Ya tisa Waefeso 4:25–32, ambayo inashuka hadi kwenye uongo, hasira, wizi na mdomo. Andikeni jambo moja tu la kushughulikia. Ya kumi, pesa, tutairudia hapa chini. Ya kumi na moja Matendo 2:41–47. Ya mwisho Matendo 8:26–40, Filipo na Mkushi, na hiyo aiongoze yeye.

Yanayoharibu

Pesa huharibu mapema kuliko zote. Weka kanuni hii ukiwa naye wiki ya kwanza, kwa utani kama unaweza: mimi sikukopeshi, wewe hunikopeshi, na sipokei sadaka yako mkononi. Ana njaa, mpeleke kwa mashemasi au mnunulie unga uhesabu umetoa. Mkopo ukishaingia kati yenu, atakuwa anaangalia anakopita ili asikutane nawe. Muulize kwa upole kuhusu mikopo ya simu na kamari, kwa sababu hizo ndizo zinazokula mshahara kabla haujafika nyumbani. Mfundishe kutoa kwa 2 Wakorintho 9:7, kila mtu kama alivyokusudia moyoni. Akisikia redioni kwamba atume "mbegu" ili deni lifutwe, umweleze wazi kwamba deni hufutwa kwa kulipwa.

La pili ni dawa. Usimwambie mtu aache ARV, dawa za TB, za presha au za sukari kwa sababu ameombewa, na akisikia hivyo kwa mwingine mrudishe kliniki siku hiyo hiyo. Dawa za TB kwa kawaida ni miezi 6. Akikatiza, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu na kuambukiza wa nyumbani. Kufunga pia si somo la wiki 12 za kwanza. Mjamzito, mwenye sukari na anayekunywa dawa zinazotaka chakula wasishawishiwe kabisa. Baada ya Shakahola, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Kilifi, familia za Wakenya zina haki ya kuuliza maswali. Mama yake akikupigia, mtajie jina la kanisa, la mchungaji na mahali mnapokutana, umkaribishe aje kuketi. Mlezi anayekataza mtu kuongea na wa kwao, au kwenda hospitali, au kupeleka watoto shule, ni wa kukimbiwa.

La tatu, wanaoishi pamoja bila ndoa, na hao ni wengi. Mwanamke mwenye watoto wawili aliyeokoka Jumapili, ukimwambia ahame Jumatatu, ataenda wapi? Hilo si lako peke yako. Lipeleke kwa mchungaji kwa ruhusa yake, mzungumze na mwanamume pia, na njia ya kuhalalisha ndoa itafutwe bila kuvunja jiko la watoto. Ikiwa anapigwa, hali inabadilika: usimrudishe kwa mstari wa kutii. Namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto, zote bila malipo.

La nne ni mdomo wa mlezi. Alichokuungamia kisigeuke ombi la kikundi, hata bila kutaja jina. Mtaa ni mdogo na "ndugu fulani anayeendesha boda pale steji" wote wanamjua. Kwa ubaya dhidi ya mtoto usifiche chochote, na umwambie hivyo kabla hajaanza kukusimulia.

Kanisani

Jumapili nne za kwanza mpitie kwake, mwende pamoja na mketi pamoja, nyuma kidogo. Mnong'oneze kinachofuata: hapa tunasimama, sadaka si lazima, Meza ya Bwana ngoja kwanza. Usimpeleke kwa waangalizi wa wageni asimamishwe mbele kama hakutaka. Wiki ya tano mwingize kwenye kikundi cha nyumbani au jumuiya ndogo ndogo, umtambulishe kwa watu wawili wa rika lake, si kumi.

Ubatizo una taratibu tofauti na usimwahidi tarehe. Kwa Wakatoliki, mtu mzima hupita ukatekumeni na kwa kawaida hubatizwa usiku wa mkesha wa Pasaka. Waanglikana na Wapresbiteri wana madarasa yao. Makanisa ya kipentekoste hubatiza kwa kuzamisha, mengine baada ya wiki chache tu. Aliyebatizwa mtoto atakuuliza kama arudie. Mpeleke kwa mchungaji wa kanisa analotaka kukaa, usimalize mjadala wa karne kadhaa kwenye benchi la Jeevanjee. Na akichagua kanisa ambalo si lako, wiki zake 12 nawe hazifutiki.

Kumwachia

Kuanzia wiki ya nane, yeye ndiye anayeuliza yale maswali manne na wewe unajibu. Atakosea, ataruka la pili, atahubiri. Mwache hadi mwisho, kisha msahihishe jambo moja. Kufikia wiki ya 12 awe ameshamsimulia mtu mwingine Marko 2, shemeji, mwenzake wa zamu, yeyote, na huyo mtu umsikie kwa jina. Ndiyo maana ya 2 Timotheo 2:2, ambapo Paulo anahesabu vizazi vinne kwenye sentensi moja: yeye, Timotheo, watu waaminifu, na wengine.

Akipotea katikati, piga simu mara 3 kwa siku tofauti, kisha mtembelee mara moja bila kulaumu. Baada ya hapo tuma meseji moja kila mwezi, isiyo na swali, na uchukue mtu mwingine. Nafasi yake usiijaze na majonzi.

Mara nyingi hatapotea, atahama. Nairobi watu huhama mwisho wa mwezi, kodi ikipanda au kazi ikibadilika, na Rongai kutoka Umoja ni kama mkoa mwingine. Akikuambia anahama, uliza steji atakayoshukia. Tafuta kanisa na kiongozi wa kikundi karibu na hapo kabla hajapakia godoro kwenye pikapu, wapigie wote wawili kwa simu moja wasikizane sauti, na Jumapili ya kwanza panda matatu uende naye. Nauli jilipie mwenyewe. Lile daftari lake aende nalo. Zile kurasa zilizobaki atamwandikia mtu wake.